Kipande cha Kumi na Nne

Ukifika Masasi ukamuulizia Faidha Mujibu, utaulizwa kwanza ni Faidha yupi. Sema yule wa spika. Hapo hata mtu asiyekujua atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni. Ni yule mama ambaye sauti yake hupita mitaani juu ya bajaji ya mumewe: asubuhi inatangaza msiba, mchana chanjo ya watoto, jioni inatangaza kwamba mbuzi mweupe mwenye sikio lililopasuka ameonekana mara ya mwisho mtaa wa Mkuti, na aliyemfungia uani kwake ajue tumeshamjua. Hayo ya mwisho hayamo kwenye karatasi anayopewa. Huyaongeza mwenyewe, na wenye mbuzi hawajawahi kulalamika.

Kazi hii hakuisomea. Alimaliza kidato cha nne, akauza vitenge dukani kwa baba yake, Mungu amrehemu, akaolewa na Faridi, akamzaa Rahima ambaye sasa anasoma bweni huko Lukuledi. Siku moja mtangazaji waliyemzoea, Charles, alikimbilia harusi Tandahimba akaacha msiba Masasi bila mtu. Spika imefungwa juu ya bajaji, betri imejaa, mdomo hakuna. Faidha akajifunga kanga vizuri, akapanda nyuma, akashika maiki. Charles aliporudi alikuta nafasi imekwenda. Akanuna mwezi mzima, halafu akafungua kibanda cha kunyolea, na mpaka leo anawaambia wateja kwamba ndiye aliyemfundisha.

Watu wanadhani kutangaza ni kupayuka tu. Wajaribu waone. Wiki ya kwanza tu Faidha aligundua kwamba tangazo moja haliwezi kusomwa vilevile kila mtaa. Alifariki Bi Oliva. Kanisani anajulikana kama Mama Vitalis, sokoni ni Bi Oliva wa dagaa, na kule alikozaliwa bado ni binti wa Mzee Stefano. Ukishika jina moja tu, nusu ya watu watakaa majumbani wakidhani kafa mtu mwingine. Basi Faidha akanunua daftari. Habari aliiandika mara moja, lakini mahali pa jina aliacha pengo, na pembeni akaweka maelekezo: mtaa huu sema hivi, mtaa ule sema vile. Kwa Waislamu alianza na Inna lillahi, kwa Wakristo akasema amelala katika Bwana. Faridi humtania kwamba yeye humzika mtu mmoja mara tatu.

Daftari hilo ndilo lililomleta Godwin. Huyu ni kijana wa Songea, mpole, shati limenyooka, anafanya kazi Mtwara kwenye mradi wa hadithi za simu. Mtu anapiga namba ya bure, anasikiliza hadithi, kila inapofika njia panda anaambiwa abonyeze moja au mbili, na hadithi inakwenda anakotaka yeye. Godwin alikuja Masasi kutafuta sauti ya kusoma. Alipoona yale mapengo ya Faidha alikaa kwenye benchi akayapekua kurasa baada ya kurasa, kisha akasema, "Mama Rahima, wewe usisome. Wewe andika, halafu ndiyo usome."

Faidha alicheka sana. Halafu hakula chakula cha mchana siku hiyo, akawa anazunguka na kalamu.

Mtu asiyejua hatamwelewa. Miaka kumi na moja alikuwa ametangaza maneno ya watu: misiba yao, harusi zao, mbuzi wao. Hakuna hata siku moja aliyosema jambo lililotoka kichwani mwake tangu mwanzo hadi mwisho. Hii hadithi ilikuwa ya kwake.

Aliiandika miezi minne. Kuna mtoto wa miaka kumi, mwembamba mno, kwao wanamwita Kijiti. Mama yake anamtuma apeleke chumvi kwa bibi yake. Ukibonyeza moja, Kijiti anapitia Lukuledi na kukutana na mambo yake huko. Ukibonyeza mbili, anapanda Newala, anafikia kwa mjomba wake na kukuta msimu wa jando umewadia, naye anaingizwa pamoja na wenzake. Siku ya kutoka anapewa jina jipya, kama ilivyo kwetu, lile la utoto linabaki hukohuko porini. Na hapa ndipo Faidha alipojivunia. Sauti inamwambia msikilizaji: wewe ndiye mjomba wake, mpe jina. Moja ni Mujibu, mbili ni Anselmo, tatu ni Vitalis. Mujibu alikuwa baba yake mwenyewe Faidha. Aliliweka la kwanza, nani angemkataza?

Tangu hapo kila penye jina pana pengo, na kompyuta ya Godwin inachomeka jina ulilochagua. Si jina tu. Mwanzoni kabisa unaulizwa kama wewe ni mwanamume au mwanamke, mtu mzima au kijana. Ukiwa mtu mzima hadithi inakuamkia shikamoo kabla ya lolote, na ukiwa mwanamke huitwi mjomba, unaitwa mama mkubwa, na jina bado unalitoa wewe. Yote hayo Faidha aliyarekodi vipande vipande, amejifungia chumbani, godoro limeegemezwa dirishani ili kelele za barabarani zisiingie, na Faridi uani akifukuza majogoo.

Siku hadithi ilipofunguliwa, wa kwanza kuambiwa alikuwa Mjomba Husseni, kaka wa marehemu mama yake, anayekaa nje kidogo ya Newala. Mjomba huyo ndiye mzee pekee aliyembakia. Ndiye aliyesimama kwenye harusi yake, ndiye aliyempa Rahima jina. "Nitakusanya watu," alisema kwenye simu. "Wasikie mpwa wangu anavyosimulia." Faidha alisubiri apigiwe jioni aambiwe walionaje. Hakupigiwa. Kesho yake alipiga yeye, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena keshokutwa. Wiki mbili zikapita hivyo, mjomba hapokei.

Jumanne moja ya Agosti ndipo Godwin alipopiga, na sauti yake haikuwa ya habari njema.

"Shikamoo Mama Rahima. Watu wanakata simu."

"Marahaba. Wanakata vipi?"

"Wote wanaokata wanakatia mahali pamoja. Kipande cha kumi na nne." Akaeleza. Waliopitia Lukuledi walifika mwisho bila shida. Waliopanda Newala walisikiliza vizuri, wakaingia jandoni, wakampa mtoto jina, wakaendelea, halafu kufika kipande cha kumi na nne, pale mtoto anaporudi nyumbani na mama yake anamwona, simu inakatwa. Watu mia moja sabini na mmoja. "Wenye mradi wanakutana Jumamosi. Wanasema njia ya Newala inachosha watu, tuiondoe. Na tukiiondoa hiyo, hadithi inabaki nusu, kwa hiyo wanafikiria kuifunga yote."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii, mama. Mimi nimeitetea nilivyoweza."

Faidha aliweka simu chini, na Faridi akaja kumwangalia. Alikuwa amekipenda kuliko vyote kile kipande cha kumi na nne. Mama anapepeta mtama, anainua macho, anamwona mwanawe kwa mbali amekuwa mtu mwingine. Alipokirekodi sauti ilimtetemeka, akaona ndiyo vizuri. Sasa anaambiwa kwamba watu mia moja sabini na mmoja walimsikia akitetemeka wakaona bora wakate. Aliona aibu ambayo hata maiki ilipokatika katikati ya msiba wa kadhi hakuiona.

"Labda nilijidanganya," alimwambia mumewe. "Mimi ni wa mbuzi na chanjo."

"Acha hayo," Faridi akasema. "Una mtu aliyesikiliza, halafu akanuna. Kamuulize yeye. Mimi sijawahi kumwona mtu ananuna wiki mbili kwa sababu ya kuchoka."

Jumatano asubuhi akapanda basi la Newala.

Alimkuta Mjomba Husseni anatoka shambani, mashine ya kupulizia mgongoni, salfa ya mikorosho imemjaa mpaka kwenye nyusi, manjano kichwa kizima. Siku nyingine Faidha angemcheka. Leo alipiga goti.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba." Hakumwangalia. Akatua mashine, akanawa kwa kata mbili tu za maji, maana huko juu maji hayachezewi, akajifuta uso taratibu. Kisha akauliza, "Umekuja na kuku?"

"Kuku wa nini, Mjomba?"

"Basi hujui kosa lako. Kaa."

Bi Zena, mkewe mjomba, akatoa mkeka, akamsalimia Faidha kwa upole uliozidi, ule wa kumsalimia mgonjwa. Mjomba akachukua simu yake ndogo ya batani, akapiga ile namba ya bure, akaweka sauti ya nje na kuilaza simu katikati ya mkeka. Wakasikiliza wote watatu. Sauti ya Faidha ikamwamkia mjomba shikamoo, na mjomba akaijibu marahaba, ndiyo nidhamu yake. Ilipouliza njia akabonyeza mbili. Ilipoomba jina akabonyeza moja bila kufikiri. "Mujibu akatoka amevaa kanzu mpya," ikasema simu, na Bi Zena akatikisa kichwa kwa kuridhika japo alikuwa ameshaisikia. Mujibu akashuka na mtungi aliopewa na bibi. Mujibu akavuka bonde. Mujibu akalala kwa watu wema. Faidha akaanza kujiuliza kama kweli sauti yake inachosha, maana yeye mwenyewe alikuwa anataka kujua kinachofuata.

Kikaja cha kumi na nne. Mama anapepeta, mama anainua macho. "Akamwona Kijiti wake anakuja," ikasema sauti, inatetemeka kwa mapenzi. "Kijiti akatua mzigo."

Bi Zena akajifunika uso kwa kanga. Mjomba akanyoosha kidole akakata simu.

Faidha alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa ameisikia kwa mara ya kwanza, kama mtu wa pembeni. Kijiti. Mtoto ametoka jandoni, amepewa jina la heshima, amelibeba kutoka Newala mpaka nyumbani kwao, na msimulizi anamwita jina la utoto mbele za watu.

Huku kwetu hilo si kosa dogo. Jina la utoto likishaachwa halitajwi, hata na mama mzazi, hata kwa mzaha. Kumwita mwanamume jina lake la kitoto hadharani ni kumvua nguo. Katika ukoo wa Faidha, aliyeteleza hivyo hupeleka kuku kwa aliyempa jina na kuomba radhi, na asiyepeleka hataona mtu kwenye shughuli zake. Faidha alilijua hilo tangu anajua kutembea. Alilijua alipoandika. Kwenye daftari, kipande kile, alikuwa ameandika JINA kwa wino mwekundu mara mbili.

Lakini siku ya kukirekodi hakusoma daftari. Alikuwa anakijua kwa moyo, akafumba macho akasimulia. Na moyoni mwake mtoto yule hakuwahi kuwa Mujibu wala Anselmo wala Vitalis. Miezi minne alikuwa amekaa naye, amemtuma, amemwonea huruma kwa wembamba wake, naye alikuwa Kijiti tu. Na kwa kuwa kipande kile ni cha kurudi nyumbani, njia zote mbili hupitia hapo. Waliotoka Lukuledi walisikia Kijiti wakaona sawa, mtoto wao hakupita jandoni. Waliotoka Newala walisikia tusi.

"Nilikusanya watu kumi na wawili," mjomba akasema. Sasa alikuwa anamtazama. "Hapa hapa, kwenye mkeka huu. Nikampa mtoto jina la baba yako, wakapiga makofi, wakasema hapo umefanya la maana, Mzee Husseni. Halafu wewe, binti wa Mujibu, unamwita Kijiti. Nifiche wapi uso?"

"Mjomba, niliteleza. Wallahi niliteleza. Nilifumba macho nikaongea kama mama yake."

"Najua uliteleza. Ningejua umekusudia ungeikuta nyumba imefungwa." Akakohoa salfa. "Lakini kuku hukuleta. Unapiga simu tu, kana kwamba nitapokea uniulize korosho zinaendeleaje. Wiki mbili."

Faidha akainamisha kichwa, na papo hapo, katikati ya aibu yake, kitu kikamjia. Akainua tena kichwa.

"Kwa hiyo hukuichoka hadithi?"

"Nani kasema nimechoka?"

"Hao kumi na wawili, walichoka?"

"Tuchoke nini na hatujui hata mwisho wake?" akadakia Bi Zena kutoka ndani ya kanga. "Mimi mpaka leo sijui mama yake alisemaje alipoona ule mtungi. Nimemuuliza mjomba wako tupige tena, anasema katu, mpaka mtu aje na kuku."

Hapo Faidha akacheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, mpaka mjomba akamuuliza mkewe huyu kapatwa na nini. Ahueni aliyoipata siku ile, alisema baadaye, alikuwa ameipata mara moja tu kabla ya hapo, siku alipojifungua Rahima. Watu mia moja sabini na mmoja hawakuwa wamemkimbia. Walikuwa wamesimama upande wa mtoto. Walimpa jina, wakamwona ni mtoto wao, na alipovunjiwa heshima waliondoka naye. Mtu aliyechoka na hadithi hakasiriki namna hiyo.

Akampigia Godwin palepale mkekani, kwa sauti ya nje.

"Aa, Kijiti," Godwin akasema baada ya kuelezwa. "Nilisikia wakati wa kujaribu. Nilidhani ni jina la mapenzi tu, umelirudia kwa utamu."

"Huo utamu ndio umetuponza. Leo hii narekodi upya, unachomeka majina, imekwisha."

"Haijakwisha," mjomba akasema kwa sauti ili na Godwin asikie. "Unataka kubadilisha kimyakimya? Waliotukanwa ni watu. Unabadilisha maneno halafu unakaa kama hukusema? Waombe radhi."

Faidha akatazama simu, akamtazama mjomba. "Mjomba, ni watu mia na sabini. Niwapelekee kuku mmoja mmoja?"

"Wewe si msimulizi? Mpeleke humo humo ndani ya hadithi."

Godwin akapiga hesabu zake huko Mtwara. Kisha akasema kwamba inawezekana. Kompyuta inajua nani alikata, alikatia wapi, na alimpa mtoto jina gani. Waliopita Lukuledi hawatasikia chochote, kwao hadithi itaendelea kama zamani. Wapya watasikia jina sahihi na hawatajua kama palitokea neno. Lakini wale mia moja sabini na mmoja wakipiga tena, kabla ya kipande cha kumi na nne watasikia kipande kingine, cha kwao tu, na ndani yake jina walilotoa wao. "Wabonyeze moja wakikubali radhi," akasema, "halafu tunaendelea."

"Na asiyekubali?" mjomba akauliza.

"Asiyekubali atakata mwenyewe," Godwin akasema.

"Lazima awe na nafasi ya kukataa. La sivyo mtakuwa hamuombi radhi, mtakuwa mnatangaza tu."

Neno hilo lilimchoma Faidha kuliko yote aliyoambiwa siku ile, kwa sababu kutangaza ndiyo kazi yake, na anajua tofauti. Alirudi Masasi mchana uleule nalo kichwani.

Alhamisi wakarekodi. Godoro dirishani, daftari safari hii liko mbele ya macho, kidole kinafuata mstari. Faridi alikwenda sokoni akarudi na kuku jike wa rangi ya udongo, maana Faidha alisema radhi ya kuku bila kuku ni uongo. Kuku mwenyewe alipoingizwa chumbani akawa bubu. Wakambembeleza, wakamtikisa, Faridi akalia kama kuku ili kumshawishi, na kuku akamtazama tu. Alilia walipokata tamaa, katikati ya sentensi, na Faidha akaiacha sentensi hiyo kama ilivyo.

Maneno yalikuwa haya. "Mjomba," au mama mkubwa, kutegemea aliyepiga, "kabla hatujaendelea, ni mimi msimulizi. Mtoto ulimpa jina, ukamwita," na hapo linaingia jina alilotoa huyo mtu. "Nami nikamwita la utoto mbele za watu. Si dharau, nilimpenda tangu mdogo nikasahau kwamba amekua. Nimekuja na kuku. Ukinipokea, bonyeza moja. Ukiwa bado na hasira, bonyeza mbili." Na kwa aliyebonyeza mbili kulikuwa na kipande kifupi: "Una haki. Basi nitakaa hapa barazani na kuku wangu mpaka hasira ishuke. Ukiwa tayari bonyeza moja, saa yoyote."

Ijumaa saa tatu asubuhi Godwin akawatumia watu mia moja sabini na mmoja ujumbe mfupi: msimulizi ana neno na wewe kuhusu mtoto uliyempa jina, piga bure. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na Faidha si mtu wa kungoja. Alifagia uwanja mara mbili. Akatia chumvi mchuzi mara mbili pia, na Faridi akaula bila kusema kitu, ndipo alipojua kwamba hata mumewe ana wasiwasi.

Baada ya swala ya Ijumaa simu ikaita.

"Mama Rahima, kaa chini," Godwin akasema, na safari hii sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Wamerudi tisini na sita mpaka sasa. Tisini na tano wamebonyeza moja. Na wote hao wamesikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyekata, wengine wamepiga mara ya pili kusikia njia ya Lukuledi ikoje. Nimeshawapelekea wenye mradi. Wamesema Jumamosi hakuna cha kujadili, hadithi inabaki."

Faidha alikaa chini kweli, palepale kizingitini, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akakumbuka hesabu.

"Huyo mmoja?"

"Huyo kabonyeza mbili, tangu saa nne. Akasikiliza kile kipande cha barazani mpaka mwisho, akakata. Hajarudi. Lakini mmoja si neno, mama."

"Namba yake inaishia na ngapi?"

Godwin akaitaja. Faidha akafumba macho. Angeweza kuisoma namba hiyo usingizini.

Kwa hiyo hadithi ilikuwa imepona, na mjomba alikuwa bado. Faridi akamwambia ashukuru alichopata, mzee atakuja tu. Akajitahidi kushukuru. Saa tisa kazi ikaita, mkutano wa wazazi wa shule ya msingi, akapanda bajaji, akashika maiki, wakaanza na Mkuti. Alikuwa katikati ya neno wazazi simu ilipoita mapajani mwake. Akaona jina, akasahau kuzima maiki.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imejaa, ya mtu aliyekula akashiba. "Nimekuacha barazani tangu saa nne. Nimekwenda kupulizia, nimerudi, nimekwenda kuswali, nimekula ugali, nimejinyoosha kidogo. Kila nikipita naona kama upo pale na kuku wako. Zena amenilaumu mchana kutwa kwamba mgeni hajapewa hata maji."

Barabarani watu walikuwa wamesimama, maana spika juu ya bajaji ilikuwa inatoa pumzi za Faidha tu.

"Haya," mjomba akasema, "nimebonyeza moja. Ingia ndani, mwanangu."

Faridi akasimamisha bajaji pembeni. Mama mmoja wa maandazi akaacha kikaango chake akaja mbio, mkono kifuani, akamwona mtangazaji wa mji mzima ameinamia maiki analia, akauliza kwa woga, "Mama Rahima, ni msiba wa nani?"

"Si msiba," Faidha akasema, na Mkuti nzima ikasikia. "Nimesamehewa."